Chombo Kikifa Huzikwa Wapi?

Hapana nyumba siku hizi, iwe ya tajiri au ya maskini, isiyokuwa na mahali pa kuweka vitu vilivyokufa. Twasema vilivyokufa kwa maana ya simu isiyowaka, redio iliyonyamaza, taa ya jua isiyoshika chaji, na pasi iliyokatika waya wake. Katika nyumba moja mahali hapo ni droo ya kabati, katika nyingine ni kopo juu ya ukuta, na katika nyingine ni boksi chini ya kitanda. Mama wa nyumba akifagia huliondoa boksi, na akimaliza hulirudisha palepale. Ukimwuliza kwa nini asivitupe, atakujibu kwamba vilinunuliwa kwa fedha, na huenda siku moja vikafaa.

Mwezi huu twapenda kuuliza pamoja nanyi swali ambalo wengi wetu hatujapata kuliuliza: chombo cha umeme kikifa, huzikwa wapi? Na je, huko kinakozikwa, hakiwadhuru walio hai? Tungeweza kuanza kwa kueleza habari za miji ya mbali, lakini yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe, lililotokea Bariadi.

Televisheni ya zamani

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa ya Mkoa wa Shinyanga. Una wilaya tano, nazo ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 mkoa huo ulikuwa na watu 1,584,157, na katika ile ya mwaka 2022 wakawa 2,140,497. Ni nchi ya Wasukuma, wakulima na wafugaji, na zao lake la fedha ni pamba. Pamba ikishauzwa, fedha huingia mikononi mwa watu kwa pamoja, nazo hugeuka kuwa mabati, ng'ombe, pikipiki, simu, redio na taa za jua. Basi vyombo huingia nyumbani kwa wingi kila mwaka. Lakini vinatokaje?

Tulikuwa tumekaa barazani katika nyumba ya ndugu zetu mjini hapo, asubuhi, akapita kijana mmoja akisukuma baiskeli yenye gunia, huku akiita, "Chuma chakavu! Betri mbovu!" Akasimama kwa adabu.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Hamna redio mbovu, televisheni mbovu?"

Ilikuwako televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mrefu, ambayo ilikuwa imekaa stoo miaka mingi bila kuwaka. Mwenye nyumba alituuliza sisi rai yetu, nasi tukamwambia ampe. Tuliona kwamba tumefanya mema mawili kwa wakati mmoja: nyumba imepata nafasi, na kijana amepata riziki ya halali. Alitupa fedha kidogo, akaifunga televisheni juu ya baiskeli yake, akaenda zake.

Siku ya tatu tulipita njia ya nyuma ya mtaa huo, mahali palipo na korongo dogo na majani. Hapo tuliiona televisheni yetu, au tuseme mzoga wake. Kijana alikuwa ameivunja shingo ili kupata ule mviringo wa waya wa shaba unaozunguka shingo ya kioo, kwa maana ndicho kitu chenye bei. Kasha la plastiki lilikuwa limeyeyuka nusu kwa moto. Vioo vinene vilitapakaa katika udongo mweusi, na kando yake palikuwa na doa jeusi la majivu mahali alipochoma waya ili kuondoa mpira wake. Kuku wa nyumba ya karibu walikuwa wakichakura katika majivu hayo, na watoto wawili wadogo walikuwa wakicheza duka, vipande vya kioo vikiwa ndiyo bidhaa zao.

Ndugu wasomaji, kioo cha televisheni ya namna ile hutengenezwa kwa kuchanganywa na risasi, ili kumkinga mtazamaji na mionzi. Televisheni moja yaweza kuwa na kilo nzima ya risasi, na kubwa zaidi huwa na zaidi ya hapo. Sisi tulijua jambo hilo, maana tulikuwa tumelisoma. Kijana hakulijua, na watoto hawakulijua. Kwa hiyo kosa halikuwa la kijana, wala la watoto. Lilikuwa la yule aliyejua, akatoa chombo bila kuuliza kinakwenda wapi.

Kwa nini mwanafunzi wa majengo ashughulike na taka?

Tangu siku ile tumejitahidi kusoma zaidi, na katika kusoma tuliona jambo lililotushangaza mwanzoni. Tulidhani kwamba mambo haya ni ya waganga na ya wataalamu wa kemia. Kumbe baadhi ya watu walioyatazama kwa makini sana ni wasanifu wa majengo na wanafunzi wao. Mtu atauliza: anayejifunza kuchora nyumba ana haja gani na simu mbovu?

Jibu ni jepesi. Msanifu hufundishwa kupima. Kabla ya kuchora ukuta hutazama jua linatoka wapi, upepo unavuma kutoka wapi, maji ya mvua yanakwenda wapi, na watu wanapita wapi. Basi akiingia katika mtaa wa watu wanaovunja vyombo vya umeme, huyaona mambo ambayo mwingine hayaoni: kwamba karakana na chumba cha kulala ni chumba kimoja, kwamba moshi wa uani hupanda moja kwa moja hadi dirisha la juu, kwamba mfereji unaobeba tindikali ndio unaopita mlangoni kwa jirani. Taka, kwa macho yake, ni jambo la mahali, na mahali ndiyo kazi yake.

Katika mji wa Delhi, nchini India, uko mtaa uitwao Seelampur, wenye watu wengi waliobanana na Waislamu wengi miongoni mwao, unaojulikana kwa kuvunja kompyuta, simu na waya. Njia zake ni nyembamba, nyumba zake zimepanda juu kwa kukosa nafasi pembeni, na kazi hufanywa chini huku familia ikiishi juu. Katika mji wa Karachi, nchini Pakistan, liko soko la Sher Shah, ambako vyuma na mitambo ya kale ya kila namna hununuliwa na kufunguliwa. India ilitoa kanuni zake za kwanza za taka za namna hii mwaka 2011, zikaanza kutumika Mei 2012, na tangu hapo imezibadili zaidi ya mara moja. Hata hivyo nyundo za mitaani hazikunyamaza, kwa sababu kanuni huandikwa ofisini, na njaa hukaa nyumbani.

Yaliyotokea Accra

Hapa kwetu Afrika, mahali palipovuma kuliko pote ni Agbogbloshie, katika mji wa Accra, Ghana, kando ya wangwa wa Korle. Kwa miaka mingi vijana, wengi wao waliotoka mikoa ya kaskazini ya nchi hiyo, walivunja hapo magari, friji na kompyuta, na kuchoma waya ili kupata shaba. Wapiga picha wa Ulaya walikwenda, wakapiga picha za moshi, wakarudi kwao.

Lakini wako waliokwenda kwa nia nyingine. Msanifu wa majengo DK Osseo-Asare, pamoja na mwenzake Yasmine Abbas, naye msanifu, walianza tangu mwaka 2012 kuwakutanisha wanafunzi wa vyuo na vijana wa uwanja ule. Hawakuanza kwa kuwaambia vijana waache kazi. Walianza kwa kujifunza kazi yenyewe: kitu gani hufunguliwa kwanza, chombo gani hutumika, nani hununua. Kisha wakashirikiana kubuni kibanda chepesi cha kufanyia kazi, ambacho chaweza kufunguliwa na kuhamishwa, na vyombo vya kufanyia kazi kwa usalama zaidi. Mwanafunzi alileta hesabu zake, na kijana wa uwanjani akaleta ujuzi wa mikono yake. Kila mmoja akawa mwalimu wa mwenzake.

Vivyo hivyo katika mji wa Lomé, Togo, msanifu Sénamé Koffi Agbodjinou alifungua karakana ya vijana mwaka 2012. Humo fundi mmoja, Afate Gnikou, aliunda mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, na sehemu kubwa ya mashine hiyo aliipata katika kompyuta na mashine za kuchapia zilizotupwa. Habari zake zilienea duniani mwaka 2013.

Hatutaki mfikiri kwamba Accra ni hadithi ya mafanikio matupu. Mwaka 2019 uchunguzi wa mayai ya kuku waliokuwa wakichakura Agbogbloshie ulionyesha sumu iitwayo dayoksini, ambayo hutokea waya zenye mpira wa plastiki zinapochomwa. Yai moja tu lilitosha kumpa mtu mzima sumu hiyo mara 220 kupita kipimo cha siku moja kinachokubaliwa na wataalamu wa Ulaya. Tuliposoma habari hiyo tuliwakumbuka wale kuku wa Bariadi. Kisha, Julai 2021, serikali ya Ghana iliubomoa uwanja ule. Moshi wa mahali pamoja ulipungua, lakini kazi haikufa. Ilitawanyika katika mitaa mingine ya mji, na baadhi ya watu wakaendelea uani mwa nyumba. Hapo twajifunza kwamba kumfukuza mwenye kazi si kuiondoa sumu. Mara nyingine ni kuipeleka karibu zaidi na watoto.

Risasi haina huruma kwa mtoto

Yafaa tuseme wazi ni madhara gani tunayoyaogopa. Ndani ya vyombo hivi mna shaba, chuma, fedha na hata dhahabu kidogo. Lakini mna risasi pia, katika lehemu ya vyombo vya kale, katika vioo vya televisheni, na zaidi ya yote katika betri kubwa za gari, ambazo watu wengi huzitumia pamoja na mitambo ya jua. Mna zebaki katika taa ndefu za mirija na katika zile taa zilizosokotwa. Na betri za simu zikitobolewa au zikichomwa moto hulipuka.

Katika hizo zote, risasi ndiyo inayowaandama watoto. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hapana kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hutambaa chini, hushika udongo, hutia mkono kinywani. Na mwili wake huinyonya risasi kwa wepesi kuliko mwili wa mtu mzima. Huingia katika ubongo unaokua, ikamfanya mzito wa kujifunza, na hasara hiyo haina dawa ya kuirudisha nyuma. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Mkitaka ushahidi, tazameni Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal. Huko watu walikuwa wakivunja betri za gari, na udongo wenye risasi ukapata bei, hata akina mama wakauchekecha majumbani mwao ili kuitoa. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki dunia kwa ugonjwa uliowashangaza waganga mpaka ilipogunduliwa kwamba ni risasi.

Na kama Senegal ni mbali, tazameni Mombasa. Katika kitongoji cha Owino Uhuru kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri za gari mwaka 2007. Mama mmoja aliyefanya kazi humo, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha kwamba ana risasi mwilini. Akaacha kazi, akasimama pamoja na majirani zake kudai haki, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, hukumu hiyo ikatenguliwa katika rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ni miaka kumi tangu kiwanda kufungwa! Mtoto aliyekuwa akitambaa wakati kiwanda kinafukuza moshi alikuwa amekwisha kuwa kijana.

Kipimo cha jambo lenyewe

Huenda mtu akasema: "Hayo ni ya miji mikubwa, na Bariadi si Delhi." Ni kweli, Bariadi si Delhi. Lakini tazameni hesabu. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 yasema kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na kwamba zilizojulikana kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo zilikuwa asilimia 22.3 tu. Mtu wa Afrika huzalisha kidogo, kama kilo 2.5 kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia ni kilo 7.8. Lakini katika Afrika taka zinazokusanywa kwa utaratibu hazifiki hata asilimia 1. Yaani tuna taka kidogo, lakini karibu zote zabaki mikononi mwetu na katika udongo wetu.

Tena mambo yaenda mbio. Desemba 31, 2012, Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya zamani, ikianzia Dar es Salaam, na mabadiliko hayo yakaenea mikoani katika miaka iliyofuata. Watu walinunua ving'amuzi, kisha wakanunua televisheni bapa, na zile zenye mgongo zikaingia stoo. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia nchini kote, na simu iliyokuwa ikizungumza jioni ikawa kipande cha plastiki asubuhi. Hatusemi kwamba mambo hayo yalikuwa mabaya. Twauliza tu: maiti zake ziko wapi?

Tulimwuliza fundi wa simu mmoja karibu na stendi ya Bariadi. Alitusalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," tukaitikia, akatuvutia kigoda. Kibanda chake kina upana wa hatua mbili. Alitueleza kwamba simu mbovu haitupwi; hutolewa spika, kioo, maiki na mahali pa kuchomeka chaji, navyo hufufua simu nyingine. Bodi zilizobaki huziweka katika ndoo, naye akipita mnunuzi humwuzia kwa kilo.

"Na hizi betri zilizovimba?" tulimwuliza, maana alikuwa na kopo limejaa.

Akacheka kidogo. "Hizo, mzee wangu, hapana anayezitaka. Nikizitupa jaani zitashika moto, nikikaa nazo nitaungua mimi. Basi nakaa nazo."

Neno lake hilo lilitufumbua macho. Chenye bei huondoka, na kisicho na bei hubaki. Shaba hupanda gari ikaenda mbali. Chuma hupanda gari. Bodi nazo hupanda gari, kwa kuwa mna dhahabu ndani yake. Wajapani walikusanya tani karibu 79,000 za vyombo vibovu, zikiwamo simu zaidi ya milioni 6, kati ya mwaka 2017 na 2019, wakapata dhahabu kilo 32 pamoja na fedha na shaba, wakatengenezea medali 5,000 hivi za michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Basi utajiri hupata mchukuzi siku zote. Kinachobaki Bariadi ni kioo chenye risasi, betri iliyovimba, tindikali iliyomwagwa, na majivu. Yaani tunauza nyama na kubaki na sumu.

Kuutazama mtaa kwa macho ya msanifu

Hebu tujaribu kuutazama mtaa wetu kama mwanafunzi wa usanifu angavyoutazama, kama wale wanaofundishwa katika Chuo Kikuu Ardhi kule Dar es Salaam. Achukue karatasi, achore njia anayopita simu moja: kutoka chini ya kitanda hadi kibanda cha fundi, kutoka kibandani hadi kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu, kutoka mizanini hadi mahali pa kuchomea waya. Kisha katika kila kituo aulize maswali manne: Kitu chafunguliwa wapi? Moshi waenda wapi? Maji ya mvua yaenda wapi? Na mtoto anacheza wapi?

Swali la tatu si dogo katika mkoa huu. Mto Simiyu, ulioupa mkoa jina, humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Wakati wa kiangazi watu wengi vijijini huchimba mchanga wa mito ili kupata maji ya kunywa, na ng'ombe hunywa hapohapo. Kinachomwagwa korongoni mwezi wa Oktoba, mvua zikija hakikai korongoni.

Karatasi hiyo ikikamilika, itaonekana kwamba mengi yanayodhuru hayahitaji kiwanda cha mamilioni ili kurekebishwa. Yahitaji mahali. Mahali penye sakafu ya saruji badala ya udongo. Paa la kuzuia mvua. Ukuta usiopitisha watoto. Pipa la betri zilizovimba lenye mchanga mkavu. Kisu au mashine ndogo ya kuchuna mpira wa waya ili usichomwe. Na maji na sabuni ya kunawa kabla ya kula na kabla ya kurudi nyumbani kubeba mtoto. Hayo ni mambo ambayo halmashauri, mafundi na wanunuzi wa chuma chakavu wangeweza kukaa chini ya mwembe na kuyapanga, kama vile wakulima wa pamba wanavyopangiwa mahali pa kuuzia pamba yao.

Sheria haikukosekana. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Basel mwaka 1993, mkataba unaozuia mataifa kumwagiana taka za sumu, na ni mwanachama wa Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, uliowekwa na Waafrika wenyewe. Tangu Januari 1, 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za umeme hazivuki mpaka ila kwa idhini ya nchi inayozipokea. Hapa nchini iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2021 zilitoka kanuni maalumu za taka za vyombo vya umeme, ambazo zataka mwenye kuzikusanya na kuzisafirisha awe na kibali. Majirani zetu nao wamepiga hatua: Nairobi kiko kituo cha kuchakata taka hizo, na Rwanda kiko kiwanda huko Bugesera. Kinachopungua ni ule uzi wa kuunganisha sheria iliyo mjini na boksi lililo chini ya kitanda.

Yanayoipasa nyumba

Basi nyumba ifanye nini? Hatutaki kuwabebesha mzigo usiobebeka, lakini yako machache.

La kwanza, kumheshimu fundi. Simu iliyotengenezwa na ikatumika mwaka mwingine ni simu ambayo haikuwa taka kwa mwaka huo. Anayerefusha maisha ya chombo anaifanyia jamii kazi kubwa kuliko anavyodhani, na hatupaswi kuona haya kubeba simu yenye ufa.

La pili, tuwe na kiasi katika kununua. Taa ya jua ya bei rahisi isiyomaliza miezi sita ni ghali kuliko ile inayodumu miaka mitatu, hata kabla ya kuhesabu mahali itakapozikwa.

La tatu, betri na vioo visiwe vitu vya kuchezea, wala visitupwe chooni, kisimani au katika moto wa takataka. Betri ya gari isifunguliwe nyumbani kwa sababu yoyote. Tindikali yake isimwagwe uani. Irudishwe nzima kwa muuzaji au kwa mnunuzi anayejulikana. Betri ya simu iliyovimba ikae peke yake katika chombo cha bati chenye mchanga, mbali na jiko na mbali na vitanda.

La nne, tunapompa kijana chombo kibovu, tumwulize anakipeleka wapi, na tumwambie tunalolijua. Kuuliza huko si kumdharau. Mtume Muhammad (s.a.w.) alitufundisha kwamba hata kuondoa njiani kitu cha kuwadhuru wapitao ni sehemu ya imani, basi itakuwaje kwa yule anayekiweka njiani kwa mkono wake, hali akijua?

Tumalizie kwa yale tuliyoyafanya sisi. Jioni ile tulirudi korongoni na jembe, ndoo na gunia. Tulivaa vitambaa mikononi, tukaokota vioo kipande kwa kipande, tukakwangua udongo wenye majivu. Majirani walitushangaa, na mama wa wale watoto alikuja kuuliza tunatafuta nini. Tulipomweleza, hakusema neno. Aliwaita watoto, akawanawisha mikono kwa sabuni palepale mbele yetu, kisha akaenda kuwafungia kuku.

Yule kijana naye tulimpata baada ya siku mbili. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akatuuliza swali moja: "Sasa baba, kama nisichome, shaba nitaipataje?" Tulimwonyesha jinsi ya kuchuna waya kwa kisu. Alijaribu, akaona kwamba saa moja ya kuchuna humpa kile ambacho moto humpa kwa dakika tano. Alitushukuru, lakini hatukuweza kumtazama machoni na kumwambia kwamba saa hiyo moja haina thamani kwa mtu anayetafuta chakula cha jioni. Swali lake latungoja sote, nasi twaona kwamba halitajibiwa na maskini peke yake.

Ama lile gunia la vioo, bado liko Bariadi katika stoo ileile ilimotoka televisheni, limefungwa kwa kamba. Tuliuliza huku na huku mahali pa kulipeleka, na kila tuliyemwuliza alitutajia mwingine. Twaandika maneno haya kwa kutumaini, Inshallah, kwamba miongoni mwa wasomaji wetu yuko diwani, mwalimu, mfanyabiashara, au mwanafunzi mwenye karatasi na kalamu, atakayesema: mahali hapo nitapachora mimi.